Naomba ushauri: hadithi nilizoziacha njiani

Habari zenu wakuu. Juzi nilikuwa napanga kabati, nikakutana na madaftari yangu manne ya zamani. Ndani kuna hadithi saba, na hakuna hata moja niliyoimaliza. Moja imekatika katikati ya sentensi: “Alipofungua mlango akamkuta…” Basi. Alimkuta nani? Hata mimi mwenyewe sikumbuki, na leo ni siku ya tatu swali hilo linanisumbua.

Enzi hizo nilijiapiza kwamba nikifika miaka 30 nitakuwa na riwaya yangu mkononi. Sasa nina 41. Jalada nilishalichora, tena jina langu kubwa kuliko la kitabu (msinicheke), ila kurasa ndiyo hazikufika popote. Nikizisoma naona kosa ni lile lile: sura tatu za kwanza zinakimbia, ya nne wahusika wanakaa chini kukumbushana ya zamani, kisha kimya. Nadhani sikuwahi kujua mhusika wangu anataka nini hasa.

Hii ya mlango bado inanivuta. Lakini lugha yake ni ya kijana wa miaka 19, kila ukurasa mtu analia. Niiendeleze kutoka ilipokatika, au nibaki na wazo tu niandike upya? Na ninyi mliowahi kufufua kazi ya zamani, mlianzia wapi? Nina saa moja tu kila usiku, watoto wakishalala.