Kiti cha ngazi cha milioni 11.5 kinakatisha ruti katikati ya ngazi. Huyu muuzaji nimfanyeje?

Wakuu, nina hasira na nitaandika hivyo hivyo. Asiyependa nyuzi ndefu apite.

Mama yangu ana miaka 76. Magoti yote mawili gegedu limelika, la kulia ndilo baya zaidi. Nyumba ni ya ghorofa moja hapa Mikocheni, aliijenga marehemu baba, na chumba cha mama kiko juu. Kabla hamjaanza na "si mumhamishie chini": masika yakikolea chini maji yanaingia. Mwaka juzi tulikuta godoro la mgeni linaelea. Kwa hiyo mama analala juu, na ili ateremke sebuleni tunamshika watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, kama tunashusha kabati.

Dada yangu yuko Leicester, Uingereza. Ndiye aliyesema kule wazee wanafungiwa kiti kwenye ngazi: mzee anakaa, anafunga mkanda, anabonyeza, kiti kinatambaa kwenye reli mpaka juu. Tukachangishana ndugu wanne, nikatafuta muuzaji hapa Dar, nikampata mmoja ana fremu safi na kiyoyozi. Simtaji jina, bado nataka hela yangu.

"Stepu ngapi, bosi?"

"17."

"Haina shida. Nirushie picha WhatsApp."

Nikarusha picha nne. Kona inaonekana peupe: stepu 9, halafu ile sehemu bapa ya kati mafundi wanaiita lendingi, unageuka, stepu 8. Jamaa akajibu kwa kidole gumba. Hakuja kupima hata siku moja. Dada aliniuliza mara tatu kwenye simu, "Wamekuja kupima?" Maana kule mtu anakuja na futi yake nyumbani ndipo bei inatajwa. Nikamjibu huku tuna mtaalamu. Mtaalamu!

Bei milioni 11.5, mtumba wa Uingereza. Nikatoa advansi milioni 8. Wiki tatu baadaye, "mzigo umekwama bandarini, ongeza 1.4." Nikaongeza. Siku ya kumalizia bakaa anasema bei ile haikuwa na VAT, asilimia 18, yaani milioni 2 na elfu 70 juu. Nikalipa kwa sababu kiti kilikuwa tayari kwenye kirikuu nje ya geti na mama yuko dirishani anachungulia. Risiti? Karatasi ya daftari yenye muhuri. Nikadai ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akasema mashine ina shida ya mtandao. Hii wiki ya sita mtandao bado unatafutwa. Sasa VAT isiyo na risiti ya EFD inakwenda kwa nani, wakuu?

Mafundi wakaja wawili na grainda. Mkubwa wao akasimama chini, akaangalia ngazi, akaangalia reli, akakuna kisogo. Reli ilikuwa nyoofu, ndefu kwa stepu 17 kana kwamba ngazi yetu inapaa moja kwa moja hadi kwa jirani. Akampigia bosi wake. Akarudi, akaikata. Kile kipande kilichobaki, karibu mita mbili na nusu, kimeegeshwa uani hadi leo, kuku wa mama wanalala juu yake.

Na reli hii haishiki ukutani, miguu yake inatobolewa kwenye stepu zenyewe. Vigae vinne vimepasuka. Vigae alivyochagua baba.

Basi mama akakaa, kitenge kipya, mkanda kiunoni. Akabonyeza. Kikapanda taratibu na kimlio chake, kikafika lendingi, kikasimama. Zimebaki stepu 8. Mama akazitazama, akatutazama, akasema, "Kumbe hii daladala inakatisha ruti. Konda, nirudishie nauli yangu." Kila mtu akacheka. Mimi nilitoka nje.

Tena hata kushuka pale ni mtihani. Kiti kinatakiwa kizunguke ili mtu ashukie upande wa bapa, mgongo ukiwa kwenye ngazi. Chetu kimeganda kwa kutu, anashuka kwa ubavu huku shimo la ngazi liko pembeni yake.

Sasa nimesoma kijitabu kilichokuwa kwenye nailoni chini ya kiti, kitu ambacho nadhani muuzaji hajawahi kukifanya. Ngazi nyoofu, reli hukatwa tu kwa kipimo. Ngazi yenye kona, reli inapindwa kiwandani kwa vipimo vya ngazi hiyo hiyo, ndiyo maana bei yake inaruka sana na mtumba wake haukufai hata ukipewa bure. Au unafunga viti viwili vya reli nyoofu, kimoja kila upande wa lendingi, mzee anahamia katikati. Hayo yote alitakiwa aniambie siku ya picha.

Na betri. Alitaka kuniuzia inveta ya milioni 1.6, eti bila hiyo bi mkubwa atakwama umeme ukikatika. Kijitabu kinasema kiti kinaendeshwa na betri mbili za volti 12, umeme wa ukutani kazi yake ni kuchaji. Umeme ukikatika kinatakiwa kiende na kurudi mara kadhaa. Chetu Jumanne ile umeme umekatika kilipanda stepu nne kikazima. Betri zimechoka tangu huko zilikotoka. Tulimbeba mama kwa shuka.

Nimekwenda polisi, nimeambiwa hilo ni la madai, si jinai. Muuzaji anasema nikitaka kifike juu nilipie kiti cha pili, milioni 11.5 nyingine, "nitakupunguzia kidogo."

Ninachouliza: kuna aliyepeleka lalamiko Tume ya Ushindani, FCC, kwa Sheria ya Ushindani ya 2003, akasikilizwa? Nina picha za WhatsApp na kidole gumba chake. Hiyo karatasi ya daftari itanisaidia au itaniangusha? Na kama kuna fundi anayejua hivi vitu kweli kweli, anayekuja na futi, anitafute PM. Wa "rusha picha" wakae mbali.

Nyongeza, saa 2 usiku: Jamaa kapiga sasa hivi, nadhani kuna mtu humu kampelekea uzi. Kaja na suluhisho. Anasema nivunje ngazi, nizinyooshe, atanipa fundi wake wa ujenzi kwa bei ya kirafiki, halafu kile kipande kilichoko uani kitaungwa bure.