Thailand: wasubiri Seneti imalize muda, au Pheu Thai wavuke kwa wanajeshi? Tulinganishe

Machinga_wa_Pratunam (Bangkok), 22 Julai 2023

Wakuu salaam. Mmenijazia ujumbe mkiuliza kama huku kumechafuka na kama mizigo ya Kariakoo itatoka. Mizigo inatoka. Pratunam iko wazi, watu wanagombana bei kama kawaida. Kilichokwama ni serikali. Uchaguzi ulifanyika tarehe 14 Mei, na mpaka leo anayekaimu uwaziri mkuu ni Prayut yule yule aliyeingia kwa mapinduzi ya 2014, tena ameshatangaza kustaafu siasa.

Kwa wasiofuatilia: Move Forward ya Pita Limjaroenrat ilipata viti 151 kati ya 500. Pheu Thai, chama cha ukoo wa Shinawatra, viti 141. Wakaokota vyama vidogo sita, jumla 312. Kwa hesabu ya kawaida hapo mtu anaapishwa tunaendelea na maisha. Huku lakini kuna maseneta 250 walioteuliwa na utawala wa kijeshi, na katiba ya 2017 inawaruhusu kumpigia kura waziri mkuu pamoja na wabunge kwa miaka mitano ya mwanzo. Kwa hiyo inatakiwa kura 375. Tarehe 13 Pita alipata 324, na maseneta waliompa walikuwa 13 tu. Sababu wanayoitaja ni Kifungu 112, cha kumkashifu mfalme, ambacho kila kosa moja ni miaka 3 hadi 15 jela. Move Forward wanataka kukirekebisha.

Jumatano nilikuwa kwa mama mmoja muuza saladi ya papai hapa uchochoroni kwetu. Ana televisheni ndogo juu ya friji. Bunge linaendelea, ghafla Mahakama ya Katiba inamsimamisha Pita ubunge kwa ajili ya hisa 42,000 za iTV (mgombea ubunge haruhusiwi kuwa na hisa za chombo cha habari), kituo ambacho hakijarusha matangazo tangu 2007. Jamaa akaweka kitambulisho chake cha ubunge mezani, akanyanyua ngumi, akatoka. Mama akaacha kutwanga, mchi umebaki hewani.

Jana Move Forward wamewaachia Pheu Thai usukani. Naziona njia nne.

Kwanza, wote nane wakae pamoja wasubiri. Muda wa maseneta unaisha Mei 2024, ni kama miezi kumi. Hakuna kuwabembeleza tena, 312 inatosha. Gharama yake ni kuvumilia Prayut akaimu mpaka wakati huo.

Pili, Pheu Thai wasimamishe mtu wao, huyu tajiri wa majumba Srettha Thavisin, Move Forward wabaki ndani kama mshirika.

Tatu, Pheu Thai waachane na Move Forward, wachukue chama cha Bhumjaithai chenye viti 71 na wengine wa serikali ya zamani, hadi vyama vya majenerali.

Nne, upande ulioshindwa uunde serikali ya wachache kwa kura za maseneta.

Mimi nipo njia ya kwanza. Niambieni nimekosea wapi.

Kaka_wa_Temeke, 22 Julai 2023

Yetu tumeyamaliza mpaka tumefika Thailand? Haya, nimekaa pale nasoma.

Dalali_wa_Spineli (Arusha), 22 Julai 2023

Mkuu Machinga, mimi wateja wangu wako Chanthaburi, mji wa vito huko Thailand, mawe ya Mahenge yanaishia kule, ndiyo maana naufuata uzi. Swali dogo tu: kwa nini Pita asirudishwe mara ya pili? Kwa hesabu yako hapo juu alikosa kura 51. Si wangeenda kuongea na maseneta mmoja mmoja?

Machinga_wa_Pratunam, 22 Julai 2023

Dalali, walijaribu siku ile ile ya Jumatano. Wapinzani wake wakasema hoja ikishakataliwa hairudi ndani ya kikao kile kile. Bunge likapiga kura kama kumteua waziri mkuu ni "hoja" ya kawaida ama sivyo: 395 kwa 312 wakasema ndiyo, ni hoja. Mlango umefungwa kwa kanuni za vikao, wala si kwa katiba.

Wakili_Kijiweni (Dodoma), 22 Julai 2023

Niiondoe njia ya nne haraka. Upande ule una wabunge 188. Ongeza maseneta 250 unapata 438, waziri mkuu amepatikana asubuhi. Mchana wake anakutana na wabunge 312 wasiomtaka, na hapo seneta hana msaada. Bajeti haipiti, kura ya kutokuwa na imani inamtoa. Nani ataingia kwenye serikali ya namna hiyo? Labda mtu anayetaka kuvunja Bunge tu.

Kwa hiyo tulinganishe tatu, si nne. Na hiyo ya pili, kwa mtazamo wangu, ni ya kwanza iliyovaa kanzu nyingine. Maseneta hawakumkataa Pita sura. Wanakikataa chama kilichogusa 112. Ukimtoa Pita ukamweka Srettha, Move Forward wakiwa bado ndani na mawaziri wao, umebadilisha dereva, gari ni lile lile.

Nyali_Darajani (Mombasa), 23 Julai 2023

Bwana Wakili, umenena. Lakini wacha nitete hiyo ya tatu, najua nitapigwa mawe.

Sisi Kenya 2008 watu walichinjana, halafu Kibaki na Raila wakakaa mbele ya Kofi Annan wakatoka na nusu mkate. Baraza la mawaziri likafura, kila wiki wanavutana, ilikuwa aibu. Lakini ndani ya ile aibu tulipata katiba ya 2010. Sasa Pheu Thai wakikaa na hao majenerali wakapata kuandika katiba mpya, ile njia ya maseneta ikafungwa kabisa, si afadhali kuliko kukaa miezi kumi mkitazamana? Hapa kwetu mwezi huu tumekuwa na maandamano karibu kila wiki, najua kungoja kunafanya nini kwa mwenye duka.

Bi_Shangani (Unguja), 23 Julai 2023

Nyali mwanangu, nusu mkate ule waligawana wawili waliokuwa wakigombana. Hii njia ya tatu ni mwengine: unaondoka kwa mwenzako mliyepika pamoja, unakwenda kula kwa aliyekumwagia chungu. Sisi hapa tuliwapatanisha mahasimu wenyewe, tukapiga kura ya maoni Julai 2010, tukakubali serikali ya umoja hadharani, hata asiyeipenda aliulizwa. Huko Thailand nani atamuuliza mpiga kura?

Nikupe na wewe Machinga langu. Njia yako ya kusubiri ni nzuri kwa mwenye kuweza kusubiri. Move Forward wanaweza, ni chama cha vijana, kila mwezi ukipita hasira inawaongezea kura. Pheu Thai nani yuko nyuma yao? Thaksin Shinawatra, waziri mkuu aliyepinduliwa 2006. Yuko nje ya nchi zaidi ya miaka kumi na mitano, ana kesi zimemngoja, umri umekwenda. Mzee anayetaka kurudi kufa kwao hasubiri seneti. Mimi naona ndoa ya mkeka inakuja, na shekhe ameshaitwa.

Machinga_wa_Pratunam, 23 Julai 2023

Shikamoo Bi Shangani. Hapo kwa Thaksin nakubishia kidogo. Ameshatangaza kurudi mara nyingi kiasi kwamba huku imekuwa utani. Na wapiga kura wa Pheu Thai wana makovu. Mwaka 2010 wanajeshi waliwafyatulia risasi mashati mekundu, yaani wafuasi wa Thaksin, hapa hapa katikati ya jiji, wakafa zaidi ya 90. Yule mama wa saladi ya papai katoka Udon Thani, kijiji kizima chao ni wekundu. Nilimuuliza kama Pheu Thai wanaweza kukaa na Prawit, jenerali mwenzake Prayut. Akacheka, akanipa pilipili ambazo sikuagiza.

Na kuna jambo la heshima ya neno. Huku Prayut na Prawit wanaitwa "Lung", maana yake kaka mkubwa wa baba au wa mama, yaani baba mkubwa. Move Forward walifanya kampeni kwa msemo kwamba palipo na hao wakubwa, sisi hatupo. Mwenyekiti wa Pheu Thai, daktari Chonlanan, naye alisema wakiungana na chama cha Prawit atajiuzulu. Atameza vipi?

Bi_Shangani, 23 Julai 2023

Marahaba. Kwa maji.

Machinga_wa_Pratunam, 24 Julai 2023

Bi Shangani, sijui kama uliona. Wikiendi hii viongozi wa vyama vya upande wa pili wamekwenda makao makuu ya Pheu Thai kwa zamu, Anutin wa Bhumjaithai naye kaja. Wakakaribishwa kinywaji cha chokoleti na minti kwenye mgahawa wa chama, picha zimejaa kila mahali. Huku kinywaji hicho sasa ni tusi. Leo mteja wangu mmoja kaagiza kikombe akaambiwa na rafiki zake, "Na wewe umevuka?"

Kaka_wa_Temeke, 24 Julai 2023

Kwa hiyo huko kuunga juhudi kunaitwa kunywa minti. Tupo pamoja.

Machinga_wa_Pratunam, 7 Agosti 2023

Wakuu, nilikosea, nakiri. Tarehe 2 Pheu Thai wamewapiga chini Move Forward rasmi. Leo wamesimama na Bhumjaithai mbele ya waandishi, 141 na 71, ni 212. Bado 163 kufika 375, na huwezi kuzipata bila ama vyama vya majenerali ama maseneta wao. Ukichukua kimoja, cha pili kinakuja nacho.

Wakili_Kijiweni, 7 Agosti 2023

Hapo kuna kitu watu hawakioni. Bhumjaithai wana 71, lakini kuanzia leo wana nguvu kuliko Move Forward wenye 151. Katika serikali ya vyama vingi viti vyako havipimwi kwa wingi wake. Vinapimwa kwa kuwa serikali inaanguka au haianguki ukitoka. Pheu Thai wamemkimbia mshirika mkubwa asiyekuwa na pengine pa kwenda, wamemchukua mdogo mwenye milango miwili. Kibiashara sijaelewa. Dalali, wewe ungeuza jiwe hivyo?

Dalali_wa_Spineli, 7 Agosti 2023

Ningeuza kama nina deni la leo.

Machinga_wa_Pratunam, 22 Agosti 2023, usiku

Imekwisha. Vyama 11, viti 314, ndani yake kuna vyama vya Prayut na Prawit vyote viwili. Srettha kapata kura 482, maseneta 152 wamempa. Wale wale waliompa Pita kura 13.

Na asubuhi ya leo leo hii, saa tatu, ndege binafsi imetua Don Mueang. Thaksin kashuka, kapiga magoti mbele ya picha ya mfalme, kapelekwa mahakamani, kasomewa miaka minane. Bi Shangani, tarehe moja. Hata hawakuona haya kuachanisha siku mbili.

Nilipita kwa mama wa papai. Televisheni ilikuwa imezimwa. Nilidhani atakuwa na hasira, kumbe alikuwa analia kwa furaha kwamba mzee karudi, na hapo hapo anawatukana Pheu Thai. Sikujua nimfariji au nimpongeze. Nikanunua sahani mbili.

Nyali_Darajani, 23 Agosti 2023

Basi tupeni muda. Mimi bado nangoja hiyo katiba mpya.

Bi_Shangani, 17 Agosti 2024

Nafukua uzi, mniwie radhi.

Mwaka haujatimia, imebaki kama wiki. Tarehe 7 Mahakama ya Katiba imeivunja Move Forward kwa ajili ya ile hoja ya 112, Pita na wenzake wamefungiwa siasa miaka kumi. Tarehe 14 mahakama hiyo hiyo imemng'oa Srettha, majaji watano kwa wanne, kisa alimteua waziri aliyewahi kufungwa. Jana Bunge limemchagua Paetongtarn, binti yake Thaksin, kwa kura 319.

Hizo 319 zote ni za wabunge. Maseneta hawakupiga, muda wao wa kumchagua waziri mkuu uliisha Mei, kama Machinga alivyohesabu pale juu. Nyali, katiba mpya vipi?

Nyali_Darajani, 17 Agosti 2024

Mama, nakunywa chai, usinitafute.

Wakili_Kijiweni, 17 Agosti 2024

Kwa hiyo tukirudi kwenye ulinganisho: njia ya kwanza ingewafikisha Mei 2024 wakiwa na viti 312 na Seneti imetoka njiani. Lakini nisiwe mwongo, mahakama ingekuwepo vilevile. Mimi na nyote tulihesabu maseneta 250, hakuna aliyehesabu majaji tisa.

Machinga_wa_Pratunam, 18 Agosti 2024

Nipo, Wakili. Nilihamia upande wa Bobae, uchochoro ule nimeuacha, lakini jana nilikwenda makusudi. Mama yupo. Televisheni imewashwa, Paetongtarn anaongea, ana miaka 37. Nikamuuliza anamwonaje. Akasema, "Ni mtoto wa watu, mwache." Akaendelea kutwanga.

Mzigo wa Septemba unatoka wiki ijayo, wenye oda wanitafute pembeni.