Venus de Milo ilifikaje Ufaransa?

Wadau naomba kujuzwa, hivi ile sanamu ya mungu wa kike isiyo na mikono si ya Wagiriki, imefikaje Paris? Na imewahi kutoka pale Louvre, lile jumba la makumbusho?

— Mkuu, 1820 mkulima wa kisiwa cha Milos alikuwa anatafuta mawe ya kujengea akakutana na bibie kafukiwa vipande vipande, sasa karibu na hapo kulikuwa na ofisa wa jeshi la maji la Ufaransa anaitwa Voutier, stori ikamfikia balozi wao, ikanunuliwa, akapewa mfalme Louis wa 18, 1821 ikaingia Louvre. Kisiwa kilikuwa chini ya Waturuki, Wagiriki wangesema nini?

— Kutoka imetoka sana tu. Vita ya 1870 ya Ufaransa na Prussia (Wajerumani) ilifichwa chini ya jengo la polisi hapohapo Paris, jengo likaja kuungua, sanamu yenyewe ikapona!! 1939 vita ya pili ya dunia ikakimbiziwa kasri la Valençay hukohuko Ufaransa, alafu 1964 ikaenda Japani.

— Na wale wanaosema mikono ilivunjika Wafaransa wakigombania ufukweni, chumvi hiyo. Voutier aliichora ilivyofukuliwa, mikono hakuna.

— Duh, asanteni, kumbe bibie kasafiri kuliko mimi