Delfinia: Pacific Giants, Magic Fountains au Belladonna? Naagiza Jumamosi

NyasiMbichi: Wakuu, habari za jioni. Shemeji anarudi kutoka Uingereza, kaniambia nimtumie majina ya mbegu kabla ya Jumamosi. Nataka delfinia, yale maua marefu ya bluu. Nimebaki na hizo tatu. Ipi bora?

BibiLushoto: Bora wapi, mwanangu? Uko Kigoma au Makete?

Chepe: Na upepo je? Watu mnauliza kama mnanunua shati.

NyasiMbichi: Samahani. Njombe mjini, nyuma ya nyumba. Jua mpaka saa nane.

BibiLushoto: Njombe sawa, yanapenda baridi. Chukua Pacific Giants. Inafika mita moja na nusu na kupita, wageni watasimama getini. Hizo nyingine za kuchezea.

Chepe: Shikamoo Bibi, lakini hapana. Mwaka juzi nilipanda hizo hizo hapa Mafinga. Mbegu nilinunua duka moja Dar, sijui zilikaa kwenye lile joto tangu lini. Mbegu hamsini, zikaota nne. Nne! Nikazilea: samadi iliyooza vizuri, kila usiku na tochi naokota konokono. Moja ikatoa suke, nikawa nalipima kwa futi kila Jumapili. Maua ya chini yamefunguka tu, ikaja mvua ya saa kumi. Shina lile ndani tupu, kama la jani la papai. Nilikuwa nimelifunga kwenye mwanzi kwa kamba moja, katikati. Maji yakajaa kwenye maua, likavunjika palepale penye kamba. Nikakaa na suke mkononi kama bwana harusi. Chukua Magic Fountains, haifiki mita moja.

BibiLushoto: Marahaba. Kamba moja? Hapo kosa si la ua. Mianzi mitatu, kamba kila futi, zilegee kidogo.

Dada_Mauwa: Belladonna jamani! Ina matawi, upepo hauisumbui sana, na ukikata kwa ajili ya chombo inachipua tena. Mbegu zikifika weka kwenye friji, kopo lililofungwa.

MzeeZizi: Mnaongea upepo, hamjamuuliza kama ana ng'ombe. Delfinia ni sumu, hasa majani machanga.

NyasiMbichi: Ninao wawili. Na mbuzi.

Chepe: Kondoo wanahimili kuliko ng'ombe, nilisoma.

MzeeZizi: Kasema mbuzi, wewe unajibu kondoo.

Mlimani: Mbona hamtaji ya kwetu? Delphinium leroyi, nyeupe, inanukia, inaota yenyewe kwenye nyasi za milimani Afrika Mashariki. Tunasubiri ya Uingereza kwa nini?

Chepe: Mbegu zake unauza?

Mlimani: Siuzi. Na hifadhini usichume, utashikwa.

Dada_Mauwa: Kushikwa kwenyewe, huyo shemeji ana kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu? Mbegu haziingii hivi hivi kwenye begi, zinataka na cheti cha afya ya mimea cha huko zinakotoka.

NyasiMbichi: Kumbe? Mwaka jana alileta za karoti.

MzeeZizi: Hayo usiyaandike humu.

BibiLushoto: Mwanangu, hao mbuzi unawafunga au wanajiendea?

NyasiMbichi: Mchana wanajiendea, Bibi.

Chepe: Basi agiza seng'enge kwanza.