Mjadala: Fundi wa bunduki bandia aruhusiwe kubadilisha nguvu, au sura, au vyote viwili?

Ndugu wachangiaji,

Hoja tunayoijadili imeletwa na kijana wa Mwanga, hapa Kigoma, ambaye ni fundi wa bunduki bandia za easofti, zile zinazorusha vijigololi vya plastiki vya milimita 6. Anataka mafundi waachwe huru kufunga seti za kubadilishia, za sehemu za ndani au za ganda la nje, zinazoagizwa kwa mtandao, mradi nguvu ya bunduki isizidi kiwango kitakachokubalika. Mzee mmoja wa Kasulu amemjibu kwamba vitu hivyo vipigwe marufuku vyote, hata bastola za watoto zinazouzwa siku za Idi na Krismasi. Mimi siko upande wa kijana wala wa mzee, kwa sababu naona hatari kubwa kuliko zote kwa mkoa wetu haijaguswa na yeyote kati yao.

Nianze na nguvu, ambayo ndiyo rahisi kuimaliza. Nguvu ya kijigololi hupimwa kwa jouli, nayo hupanda kwa mraba wa mwendo wake. Kijigololi cha gramu 0.20 kikitoka kwa mwendo wa mita 100 kwa sekunde kina jouli 1. Fundi akitoa springi ya M100 akaweka ya M120 (namba hiyo hukadiria mwendo wa mita kwa sekunde), mwendo huongezeka kwa asilimia 20, lakini nguvu hufika jouli 1.44, na gia pamoja na meno ya pistoni ambayo hayakuundwa kwa mzigo huo huanza kulika. Jicho lisilo na miwani ya kinga haliko salama hata kwa ile jouli 1. Japani, ambako mchezo huu ulianzia, iliweka mpaka wa takribani jouli 0.98 mwaka 2006. Uingereza, kwa sheria ya 2017, iliweka jouli 1.3 kwa bunduki zinazorusha mfululizo na 2.5 kwa zinazorusha kimoja kimoja. Vipimo vipo, chombo cha kupimia mwendo hukaa juu ya meza, na fundi mwaminifu anaweza kukitumia mteja wake akiwa anatazama. Hapo sina ugomvi na kijana wa Mwanga.

Ugomvi wangu uko kwenye seti za aina ya pili, zile za kubadilisha sura ya nje, ambazo yeye amezitaja kwa sentensi moja tu, kana kwamba ni mapambo. Bastola ya plastiki hulazwa ndani ya ganda la vipande viwili, ganda likakazwa kwa skrubu, kitako kikafunuliwa kwa nyuma, na reli ya kufungia darubini ikakaa juu. Ndani haijaguswa hata springi, na jouli ni zilezile. Lakini ile ncha ya rangi ya chungwa kwenye mdomo wa mtutu, ambayo ndiyo humwambia mtu aliye mbali kwamba hii si silaha, mara nyingi humezwa na ganda hilo, na aliyeishika anaonekana sasa amebeba bunduki fupi ya kivita.

Mtu huyo akitembea hivyo jioni katika njia ya Kasulu kwenda Kibondo, itakuwaje? Wengi wetu tunaikumbuka miaka ambayo mabasi ya huko yalisindikizwa na askari wenye silaha kwa hofu ya majambazi. Vita vya Burundi vilivyoanza mwaka 1993, na vya Kongo vilivyofuata mwaka 1996, viliwakimbizia watu wengi kwetu na kuacha silaha zikizagaa katika ukanda huu mzima. (Wakimbizi wasibebeshwe lawama hiyo, wao walikuwa wakizikimbia bunduki hizohizo.) Mama anayetoka shambani katika mkoa wenye kumbukumbu kama hiyo hatauliza habari za jouli. Atapiga yowe, na sote tunajua jinsi yowe la jambazi linavyoitikiwa vijijini.

Askari naye ana sekunde chache za kuamua. Marekani ina sheria tangu 1988 inayotaka bunduki za bandia ziwe na alama ya rangi ya chungwa. Hata hivyo, Novemba 2014, mjini Cleveland, mtoto wa miaka 12 aitwaye Tamir Rice alipigwa risasi na polisi na kufa akiwa na bastola ya easofti ambayo ncha yake ya chungwa ilikuwa imeondolewa. Askari alifyatua risasi sekunde chache tu baada ya gari lao kufika. Ubishi wa kama askari yule alikosea ni mkubwa, nami nina msimamo wangu, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba ncha ile haikuwa na maana.

Kwa sababu hiyo naiona sheria ya Uingereza ya mwaka 2006 kuwa ya busara. Haikuishia kwa mwuzaji na mwagizaji. Ilimgusa fundi pia, ikafanya kuwa kosa kubadilisha bunduki ya bandia hadi ifanane na halisi, huku ikiacha nafasi kwa makumbusho, maigizo na filamu. Hapa kwetu fundi wa silaha halisi hufanya kazi kwa leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Sioni kwa nini anayetengeneza kitu kinachomtisha mwananchi sawasawa na silaha halisi asiwe na masharti yoyote.

Mchangiaji wa Tabora amesema kwamba kule watu wamezoea magobole ya wawindaji na hawashtuki. Gobole, ndugu yangu, linajulikana kwa umbo lake, na mara nyingi mwenyewe anajulikana kijijini. Isitoshe, mazoea hayo ndiyo ninayoyaogopa zaidi: siku watu wa Kigoma watakapozoea kuona bunduki fupi nyeusi mikononi mwa vijana na kusema ni za mchezo, mwenye silaha halisi atapita katikati yao bila kutazamwa mara mbili.

Kwa mzee wa Kasulu nina neno fupi. Marufuku ya jumla itawanyima riziki mafundi wenye ujuzi wa kweli, na bidhaa zenyewe zitaendelea kuingia kwa njia za panya, safari hii bila fundi wa kuzipima.

Ninachopendekeza kwa halmashauri zetu ni sheria ndogo: kazi ya ndani iruhusiwe hadi jouli 1, ikiandikwa kwenye daftari la fundi, ganda lolote la nje liwe la rangi kali sehemu yake kubwa, na bunduki isafirishwe ndani ya begi lililofungwa. Waigizaji wanaohitaji rangi nyeusi waipate kwa kibali, baada ya serikali ya mtaa na kituo cha polisi kujulishwa siku na mahali pa kupigia picha.

Sasa namwomba kijana wa Mwanga atujibu waziwazi: mteja akija na ganda jeusi lisiloonyesha ile ncha ya chungwa, akakuhakikishia kwamba nguvu haitaongezwa hata kidogo, utamfungia au utamrudisha?