Betri za sola kijijini kwetu zimekufa, ada bado inakatwa, na hakuna anayewajibika

Wakuu,

Nimerudi jana usiku kutoka kwa mama, delta ya Rufiji, na usingizi umegoma. Kutoka Mbagala Rangi Tatu unapanda gari hadi Nyamisati, halafu boti. Gridi haijafika huko. Mwaka 2019 alikuja mwekezaji na mtambo wa sola wa kilowati 30: paneli, betri, nguzo, mita za kulipia kwa simu. Kijiji kikatoa eneo bure. Mama akauza mbuzi wawili, akanunua friza, akaanza kununua kamba kwa wavuvi na kuuza barafu.

Miaka mitatu mambo yalikwenda vizuri. Kisha betri zikachoka. Umeme ukawa unakatika saa tano usiku, ikawa saa tatu, sasa jua likizama tu, giza. Paneli nzima, nyaya nzima, mchana redio zinalia. Mwezi uliopita kilo 40 za kamba zimemuozea mama ndani ya friza lake. Na ile ada ya huduma ya kila mwezi bado inakatwa akinunua uniti!

Nimeuliza nani anabadilisha betri. Mwenyekiti wa kijiji anasema mtambo ni wa kampuni. Fundi, kijana wa palepale, anasema hajalipwa muda mrefu na ofisi ya Dar hawapokei simu. Nikaenda mwenyewe hadi kwenye hiyo ofisi. Mlinzi akaniambia walishahama. Halmashauri wakanambia niandike barua. Niliiandika mwezi wa tatu, mpaka leo kimya.

Betri kuchoka si ajali. Muuza sola yeyote wa Kariakoo atakwambia betri za asidi zina miaka yake michache. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ilijulikana zitakufa, na fedha ya kununua nyingine ilitakiwa iwe inatengwa. Nikaomba kuuona mkataba. Ofisi ya kijiji ina muhtasari wa mkutano uliotoa eneo, lakini nakala ya mkataba HAINA. Watu wamegawa ardhi yao na hawana hata karatasi ya kumbana mtu! Hapo ndipo nilipotetemeka kwa hasira.

Najua kwa sheria zetu mtambo wa chini ya megawati 1 hauhitaji leseni, unasajiliwa tu. Sina ugomvi na hilo, makaratasi mengi yangewakimbiza wawekezaji wadogo. Ila kupunguziwa makaratasi si ruhusa ya kutojulikana ulipo.

Na mimi nachangia. Kila nikinunua umeme wa LUKU hapa Mbagala naona tozo ya REA, Wakala wa Nishati Vijijini, asilimia 3 imekatwa kwenye risiti. Nailipa kwa moyo mweupe, maana ni ya vijijini, na kijijini ndiko aliko mama. Lakini nguzo zikishasimama, kijiji kinaandikwa kimepata umeme. Nani anarudi kuandika kwamba umezimika? Maji yakishazungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, yanashuka na Rufiji hadi kwetu deltani, yanampita mama amekaa na kibatari.

Ninachotaka ni hiki. Mkataba usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla ya paneli ya kwanza kufungwa, na nakala ibaki kijijini. Sehemu ya kila uniti iende akaunti ya betri ambayo mwekezaji hawezi kuigusa bila saini ya kamati ya kijiji. Na mwekezaji akikimbia, iwepo ofisi moja, MOJA, yenye wajibu wa kuuchukua mtambo na kuuendesha, siyo kututuma barua.

Kama kuna mwanajamvi ambaye kijiji chake kiliwahi kubadilishiwa betri, naomba aeleze hapa walipita mlango gani. Jumatatu naomba ruhusa kazini, narudi halmashauri na nakala ya barua yangu mkononi.