Gari yavuta kushoto na alainimenti nishafanya – naombeni ushauri wakubwa

Mwana_wa_Mtwapa
Asalaam aleikum wakubwa. Nina Toyota Vitz, tairi za mbele bado nzuri. Tangu majuzi yavuta kushoto. Nikilegeza mkono kidogo tu, yaelekea mtaroni. Usukani hautetemeki, hakuna kelele, ila mkono wa kulia wanichoka kwa kuizuia kutoka Mtwapa mpaka kazini mjini. Nimeifanyia alainimenti, yaani kunyooshewa magurudumu kwa vipimo, jamaa akanipa karatasi, akaniambia iko sawa sawa. Kufika Bombolulu, mambo ni yale yale. Swali langu ni moja: nirudie alainimenti pahali pengine ama ninunue tairi? Nataka iwe tayari kabla ya Jumamosi. Tafadhali msinipeleke mbali, mfuko umetoboka.

Kaa_Kando
Ukitoka Mtwapa kuja mjini, kushoto ni baharini. Kwa joto hili gari yataka kuogelea, mwache mwenzio.

Spana_Kumi_na_Saba
Kaka, kabla hujatoa shilingi, pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi. Tairi iliyopungukiwa upepo huvuta gari upande wake. Zikiwa sawa, hamisha za mbele: ya kushoto iende kulia, ya kulia ije kushoto, kisha pita barabara ile ile. Gari likianza kuvuta kulia, mchawi ni tairi, hata kama ni mpya, maana tairi yaweza kutoka kiwandani na kasoro ya ndani usiyoiona kwa jicho. Likiendelea kushoto, tairi ziache, usinunue.

Halafu kumbuka tunaendesha kushoto na barabara imeinamishwa ili maji ya mvua yashukie pembeni. Karibu kila gari litakwenda kushoto kidogo ukiliachia. Kidogo, lakini. Si la kuchosha mkono.

Bi_Tudor
Mimi naona swali lenyewe ndilo lenye kasoro. Kwani mwaachia usukani kwa nini? Barabara hiyo usiku bodaboda wanakuja mbele yako bila taa, mmoja kabeba godoro, mwengine kabeba familia nzima, na wewe wajaribu kama gari yajua njia peke yake. Mwanangu, shika usukani kwa mikono miwili.

Chumvi_ya_Bamburi
Msimsumbue kijana, hiyo ni kalipa, kile chuma kinachobana pedi za breki. Sisi watu wa karibu na bahari hatuna ugonjwa mwingine. Hewa ya chumvi hula zile pini ambazo kalipa huteleza juu yake, zikishika kutu pedi haziachii diski, basi upande huo gari laenda na breki imekanyagwa nusu siku nzima.

Mimi nilikuwa na gari aina ya Caldina. Nilikuwa nailaza nje, mawimbi nayasikia kitandani. Tukapanga safari ya Voi, arusi ya mpwa wangu. Kufika Taru gari lavuta, nikasema ni upepo wa nyika. Karibu na Maungu nikasikia harufu ya kuungua. Bibi akaniambia ni wale kuku, tulikuwa na kuku kwenye buti, zawadi. Nikasimama nikakagua kuku, wazima, wananitazama. Kumbe rimu ya mbele kushoto imepata moto mpaka kifuniko cha plastiki kimelainika. Arusi tuliikuta watu washakula pilau wanakunywa soda. Kuku mmoja alitoroka pale pale Maungu na hakupatikana.

Kwa hivyo endesha kidogo bila kukanyaga breki kwa nguvu, simama, weka kiganja karibu na kila rimu ulinganishe joto. Karibu, usiguse diski. Kisha piga jeki, zungusha gurudumu kwa mkono. Lisilozunguka kwa raha ndilo lenye kesi.

Mwana_wa_Mtwapa
Shukrani wote. Upepo nimepima, sawa. Tairi nimehamisha, bado kushoto. Rimu zina joto sawa, magurudumu yazunguka vizuri. Na juzi nikishuka kuingia feri nilikanyaga breki kabisa, haikuvuta zaidi ya kawaida yake. Kwa hivyo mzee wa Caldina samahani, si kalipa. Sasa nirudie alainimenti?

Spana_Kumi_na_Saba
Umefanya kazi nzuri, wengi hapa huuliza na hawajaribu kitu. Si tairi, si breki. Sasa nijibu: gari limegonga wapi? Na ile karatasi ya alainimenti iandike hapa, namba zote za mbele.

Mwana_wa_Mtwapa
Haijapata ajali. Karatasi nitaitafuta.

Spana_Kumi_na_Saba
Sikuuliza ajali. Nimeuliza limegonga wapi.

Nyoosha usukani, chuchumaa pembeni ya gari, uangalie tairi ya mbele imekaaje ndani ya fenda. Nafasi kati ya tairi na fenda upande wa nyuma, kuelekea mlango, iwe sawa kushoto na kulia. Nenda uangalie.

Lori_la_Mariakani
Mimi trela langu lilikuwa likivuta kulia tangu mizani ya Mariakani. Mafundi wakala pesa, wakabadilisha hiki na kile. Mwisho turn boi, utingo wangu, akaona springi moja imekatika jani. Turn boi! Hana cheti hata cha kuzaliwa. Tangu hapo simwiti fundi kabla turn boi hajalala chini ya gari.

Mwana_wa_Mtwapa
Nimeangalia. Kulia mkono mzima wapita. Kushoto vidole viwili na vyabana.

Sawa, kulikuwa na kitu kidogo. Usiku pale Kisauni tuktuk alinikatiza, nikamkwepa, tairi ya kushoto ikaingia kwenye mtaro usio na mfuniko. Sikuwa na kasi. Bodi haina hata mkwaruzo, ndiyo maana sikuona haja ya kulitaja. Rimu ilipinda nikanunua nyingine. Na loa amu, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, ilikuwa imepinda kidogo, fundi wa hapa mtaani akaitoa, akaipasha moto, akaigonga mpaka ikanyooka. Nilikuwa nimesimama pale, nimeiona kwa macho yangu. Kwa hivyo upande huo nishamaliza, msiniambie ninunue loa amu. Karatasi hii hapa: kasta kushoto 2.1, kulia 4.0. Kule kwengine kote pameandikwa kwa rangi ya kijani, yaani sawa.

Spana_Kumi_na_Saba
Hapo umefika kwenye ugonjwa wenyewe. Kasta ni jinsi ekseli ya kugeukia gurudumu ilivyolala kuelekea nyuma ukilitazama gari kutoka ubavuni. Mtaro ulisukuma gurudumu la kushoto nyuma, kasta ikapungua, na gari huvuta upande wenye kasta ndogo. Namba zako na vidole vyako viwili vinasema kitu kimoja.

Kwa nini karatasi ina kijani? Kwa sababu kwenye Vitz kinachorekebishwa mbele kwa kawaida ni jinsi tairi zinavyoelekeana tu. Kasta haina nati ya kuizungusha. Jamaa aligeuza anachoweza kugeuza, akakupa karatasi. Ukirudia gereji zote za Mombasa utapata kijani hicho hicho na mkono utachoka vile vile.

Na hiyo loa amu haijanyooka, vinginevyo tairi isingekaa nyuma. Isitoshe ni bati la chuma lililokunjwa kwa mashine. Moto wa gesi hulilegeza, nyundo hulichosha, na bushi ya mpira iliyo hapo hapo huungua. Itoe.

Mwana_wa_Mtwapa
Fundi huyo si wa jana, ametengeneza matatu nyingi na hakuna iliyodondoka gurudumu. Na pesa nishampa. Loa amu si kioo ati ivunjike. Mimi nataka tu isivute kwa muda. Hakuna namna ya kuongeza upepo tairi ya kushoto ikabalansi?

Bi_Tudor
"Kwa muda." Hilo neno limenikaa vibaya. Kwa muda gani, na baada ya huo muda ataiendesha nani?

Jicho_la_Makupa
Subirini kwanza. Huyu amesema akaa Mtwapa na kazi yake iko mjini. Feri ya nini? Kutoka Mtwapa unapita daraja la Nyali, umeingia kisiwani, umefika. Feri iko Likoni, upande wa pili kabisa. Hadithi hii imetungwa na mtu asiyeijua Mombasa. Ngojeni tu, muda si mrefu ataingia mwingine aseme "nenda gereji fulani, muulize fulani, alinitengenezea yangu ikanyooka." Mchezo huu tushauona.

Kaa_Kando
Labda ilivuta ikavuta mpaka ikajifikisha Likoni yenyewe.

Lori_la_Mariakani
Hata mtu wa kusini mwenye haraka siku hizi azunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Feri ni ya mwenye subira.

Chumvi_ya_Bamburi
Dongo Kundu kutoka Mtwapa? Lori, wewe petroli hununui, wanunuliwa. Mimi bado nasema apimwe kalipa.

Jicho_la_Makupa
Mnaona? Mwenye uzi kanyamaza.

Mwana_wa_Mtwapa
Sijanyamaza, nilikuwa kazini. Situngi na siuzi gereji ya mtu. Gari ni ya shemeji yangu, ndugu yake mke wangu. Nyumba yake ni Ukunda, yeye yuko Doha. Aliniachia ufunguo niwe naiwasha isilale betri. Naishi Mtwapa, nikawa naitumia kwenda kazini, sasa niiache ioze? Juzi niliivusha feri kuirudisha Ukunda, kufika pale nikaona nikiiacha hivi ataigundua siku ya kwanza, nikarudi nayo. Anakuja Jumamosi. Mkipenda aminini, msipopenda basi.

Jicho_la_Makupa
Asubuhi ilikuwa gari yako, sasa ni ya shemeji. Tukifika jioni itakuwa ya benki.

Bi_Tudor
Mimi namwamini. Uongo huwa umenyooka kuliko hivi. Mwanangu, mkeo ajua? Maana shemeji akisikia kutoka kwa watu wa Kisauni kabla hajasikia kwako, tatizo halitakuwa loa amu tena. Mpigie leo. Doha simu zafika.

Mwana_wa_Mtwapa
Mke wangu ajua kuhusu rimu. Bi mkubwa, nikimpigia atasema nisiiguse, na mimi nishaanza kuitengeneza kwa pesa yangu. Heri aikute nzima. Haki ya mtu si ni gari yake nzima?

Bi_Tudor
Ajua kuhusu rimu. Haya.

Spana_Kumi_na_Saba
Gari ni la nani halinihusu, ila mpaka Jumamosi muda upo. Na upepo usiuchezee. Tairi yenye upepo mwingi upande mmoja itakudanganya usukanini na ikipata mvua itakuonyesha cha moto.

Chukua futi ya fundi seremala. Usukani umenyooka, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kushoto, kisha kulia. Andika. Nunua loa amu nzima iliyotoka kwenye gari lililokatwa, mradi bushi haijapasuka na boli jointi, kile kiungo cha mwisho wake kinachoshika gurudumu, haichezi. Wakishaifunga, boliti za bushi zikazwe gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Mafundi wengi huzikaza likiwa kwenye jeki, mpira ukajipinda na kuisha upesi. Pima tena. Vipimo vikilingana, fanya alainimenti mara ya mwisho. Bado kushoto ni kufupi? Basi shoku, ile nguzo ya kupunguza mtikisiko, imepinda ama fremu ndogo inayobeba injini imesogea, na hapo Jumamosi isahau, mpigie shemeji.

Mwana_wa_Mtwapa
Nimepima. Kushoto ni kufupi kwa upana wa kidole gumba. Nashukuru, nitaitafuta hiyo loa amu.

Kuna jamaa aniuzia moja bei nzuri sana, haina hata kutu. Ila ni ya kulia. Ikigeuzwa haiwezi kuingia kushoto?

Spana_Kumi_na_Saba
Haiingii.